Kibubu cha milioni moja: mwaka wangu mmoja nacho, mpaka friza likaingia ndani

Nyota kwanza: kibubu hiki, sanduku la kuwekea akiba, nakipa tatu kati ya tano. Mbili zilizopungua nitazieleza, ingawa moja nadhani ni kosa langu mwenyewe na si la aliyekitengeneza.

Mimi nauza juisi Mbagala Rangi Tatu. Ukwaju, rozela, embe msimu wake ukifika, pamoja na maji ya chupa. Wateja wangu ni abiria wa daladala, makonda na bodaboda, watu ambao juisi ya vuguvugu hawaigusi hata uwape kwa bei ya bure. Ubaridi ndio biashara. Na huo ubaridi mwenzenu nilikuwa nimeupanga kama mtu anavyopanga chumba: jirani yangu ana friza, nikawa namlipa 1,500 kila siku aniwekee madumu na chupa zangu. Siku akikosa umeme, nami sina biashara. Siku akigandisha samaki wake, ukwaju wangu unanukia kibua.

Januari 2024 nikapanda gari mpaka Kariakoo kuuliza bei. Friza la ukubwa ninaoutaka lilikuwa 740,000. Ukiongeza kifaa cha kulilinda umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, na kirikuu ya kulileta nyumbani, hesabu inafika 800,000 na kidogo. Mimi nikishatoa mtaji wa kesho, ile 1,500 ya jirani na chakula cha watoto, nabaki na elfu tano siku nzuri, elfu mbili siku ya kawaida, na siku nyingine nabaki na miguu inayouma tu.

Wakati huo kila nikifungua Instagram nakutana na vibubu. Si vile vya udongo tulivyokua navyo, hapana. Hivi ni visanduku vya mbao vyenye namba mbele. Nikaagiza cha milioni moja kwa 15,000, bodaboda akachukua 4,000 yake, na Jumamosi ya tarehe 6 Januari kikawa kimeketi juu ya kabati la vyombo.

Kwa ambaye hajakiona: ni sanduku la plaiwudi lililopigiliwa misumari pande zote, halina mlango wala kufuli. Juu kuna tundu la kupitishia hela. Mbele imebandikwa stika yenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na kiasi chake. Ukiingiza hela unakata chumba kimoja kwa maka peni. Changu kilikuwa na vyumba 50 vya shilingi 1,000, vyumba 75 vya 2,000, vyumba 60 vya 5,000 na vyumba 50 vya 10,000. Jumlisha mwenyewe, inakuja milioni moja kamili. Ukimaliza kukata vyote, unavunja.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nisiweke kwenye simu. Niliweka, miaka kadhaa. Kuweka naweza, kuiacha ikae ndiko kunakonishinda. Hela ya kwenye simu ina masikio. Mtu akipiga saa tatu usiku kusema mtoto ana homa, mkono wangu unabonyeza kabla kichwa hakijafikiri, na huwezi kumwambia huna wakati unajua unayo. Halafu kuna ile huduma ya kukukamilishia muamala salio lisipotosha. Ukishaizoea, kila hela inayoingia inaanza kulipa deni la jana. Na Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza nilijikuta napiga hesabu ya makato kila ninapotaka kutoa, hata baada ya kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ile. Zilikuja kupunguzwa tena baadaye, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka.

Mchezo wa kupeana hela kwa zamu nao nimecheza. Tulikuwa wanawake kumi, kila wiki elfu kumi, na zamu yangu ilikuwa ya tisa. Kijumbe, yule anayekusanya hela, alihama mtaa kwenye zamu ya saba. Sitasema zaidi ya hapo maana yaliisha kwa wazee.

Kwa hiyo kibubu. Jina lenyewe lilinivutia: bubu haongei. Mtu akipiga simu naweza kusema sina hela na isiwe uongo mkubwa, kwa sababu iliyomo mle haitoki bila nyundo.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa na raha ya kitoto. Kila jioni baada ya kuosha madumu nakata chumba, siku nyingine viwili. Wanangu wakawa wanagombea maka peni. Ikafika Ramadhani, Machi, mauzo ya mchana yakafa lakini ya jioni yakapanda, maana watu wananunua juisi ya kufuturia kwa lita. Eid ilipofika, Aprili 10, nilikuwa nimemaliza vyumba vyote vya elfu moja na vyote vya elfu mbili. Vyumba 125 kati ya 235. Ukiitazama ile stika kwa mbali, zaidi ya nusu ilikuwa nyeusi. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia friza limeshafika njia panda.

Mdogo wangu ni mwalimu wa hesabu, Mungu amsamehe. Akaniuliza, "Dada, hivyo vyumba 125 ni shilingi ngapi?"

Laki mbili. Nimekata zaidi ya nusu ya vyumba, nimeweka sehemu moja tu ya tano ya hela.

Hapa ndipo nyota ya kwanza ilipoanguka, na ningependa wanaouza vibubu hivi wanisikie. Zile namba zimepangwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara, anayeweza mwisho wa mwezi kuamka akakata vyumba sita vya elfu kumi kisha akatulia. Sisi wa kipato cha siku tunaanza na vidogo, kwa sababu vidogo ndivyo tunavyoviweza. Vikiisha, kibubu kinakugeuka. Kila unachokiona mbele yako ni 5,000 na 10,000, na wewe jioni hiyo una 3,000 mkononi. Elfu tatu haina chumba. Basi unaiweka pembeni "kesho nitaongezea," na kesho inageuka nyanya na mafuta ya kula.

Juu ya hilo masika ikaingia, na mwaka ule haikuwa na mchezo. Mvua inanyesha asubuhi mpaka jioni, nani anataka juisi baridi? Wiki ile ya Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei, meza yangu sikuitoa nje kabisa. Kuanzia Eid mpaka Mei inaisha nilikata vyumba tisa tu vya elfu tano. Siku hamsini na kitu, 45,000.

Tena si hivyo tu. Aprili ile ile mwanangu wa pili alihitaji sare na viatu. Nilikishika kibubu nikakigeuza kichwa chini, nikaingiza kisu cha mezani kwenye tundu, nikazivuta noti kwa kibanio cha nyusi. Dakika kumi tu nilikuwa na 30,000. Hiyo ni nyota ya pili. Tundu ni pana mno. Sanduku limepigiliwa misumari kama jeneza, lakini juu limeachwa wazi kiasi cha kupitisha noti nne zilizokunjwa kwa pamoja! Mtengenezaji angepunguza upana ule kwa nusu na kuweka kibati kidogo cha kulalia ndani, noti ingeingia isirudi. Lakini kisu nilikishika mimi, ndiyo maana nimesema moja ya hizi nyota nadhani ni yangu.

Ubaya wa kuvuta hela kwa njia ile ni kwamba stika haijui. Vyumba vimekatwa, vinaendelea kusema 245,000, ndani kuna 215,000. Kila nikipita mbele yake najiona mwizi wa nyumba yangu mwenyewe. Nilikigeuza kikatazama ukuta, kikakaa hivyo karibu wiki mbili.

Kilichonirudisha ni mjadala na jirani mwenye friza. Nilikuwa nimemlimbikizia siku nne, akanikumbusha kwa adabu, na nikiwa namhesabia hela ndipo akili ikanizunguka: huyu mama namlipa hadi 45,000 kwa mwezi. Kwa siku zile tisa nilizokata chumba cha kibubu, yeye nilishamkatia vyumba vyake vingi bila stika wala maka peni, kwa sababu tu anadai kidogo kidogo kila siku na hanisubiri niwe na elfu kumi.

Juni mosi nikakigeuza kibubu. Nikachukua maka peni nikaamua kwamba chumba cha 5,000 sasa ni mistari miwili na cha 10,000 ni mistari minne, kila mstari 2,500. Nikiweka 2,500 nachora mstari mmoja. Siku nzuri nachora miwili. Stika ikawa imechafuka kama daftari la darasa la kwanza, lakini hela ikaanza kuingia tena. Elfu mbili ya noti na mia tano ya sarafu. Toka mwaka 2014 sarafu ya mia tano ilipotoka sijawahi kuipenda kama nilivyoipenda mwaka ule. Ilikuwa ikidondoka inapiga mlio ndani ya plaiwudi, na wanangu wakisikia mlio wanajua mama leo ameuza.

Juni mpaka Agosti kuna kiubaridi, biashara ni ya wastani, nilikuwa nachora mstari mmoja na siku nyingine naruka. Septemba jua liliporudi nikapanda. Kwenye Novemba kuna siku nilichora mistari mitatu. Kibubu kikawa kizito kiasi cha kukibeba kwa mikono miwili, na nikaanza kuwa na wasiwasi wa aina nyingine: nani anajua kuwa kipo? Fundi aliyekuja kutengeneza swichi alikitazama mara mbili. Nikakihamishia uvunguni, nako mchwa wakakigundua kabla ya wezi. Kona moja ya chini ililiwa mpaka ikawa laini kama biskuti. Nikakipaka mafuta ya taa nikakirudisha kabatini nyuma ya masufuria. Anayenunua cha plaiwudi na anakaa nyumba yenye sakafu ya unyevu kama zetu, asikiweke chini.

Tarehe 21 Desemba, Jumamosi, nikakivunja. Stika ilikuwa inasema 955,000. Hata haikufika mwisho, lakini jirani alikuwa ametangaza kupandisha ubaridi wake kuwa 2,000 na mimi uvumilivu uliishia hapo. Tulihesabu mimi na mdogo wangu mara tatu. Zilikuwa 921,000. Ondoa ile 30,000 ya viatu, bado kuna 4,000 ambayo hadi leo haina maelezo. Mwanangu wa kwanza aliuliza kama tumemaliza kuhesabu, kisha akaenda kucheza mpira kwa haraka isiyo ya kawaida.

Noti za chini kabisa zilikuwa na ukungu na zimegandana. Nilizitenganisha nikazianika kwenye sinia kama dagaa. Sarafu nilizipeleka kwa wakala wa pale kituoni, akafurahi, chenji kwake ni shida ya kila asubuhi.

Kariakoo friza lile lile lilikuwa 820,000. Limepanda 80,000 tangu Januari. Muuzaji akanipa sababu ya siku zote, dola. Nikamwambia kaka, Desemba hii dola imeshuka, hata redioni wanasema. Akacheka: "Mama, mzigo huu uliingia kabla haijashuka." Tukavutana hadi 805,000. Kile kifaa cha umeme 35,000, kirikuu hadi mlangoni 30,000. Nikabaki na 51,000, nikanunua sukari na rozela.

Sasa ile hesabu inayouma. Katika miezi ile karibu kumi na mbili ya kujiwekea, kwa siku zipatazo 300 nilizofanya kazi, nilimlipa jirani kama 450,000. Zaidi ya nusu ya friza. Kuna shoga yangu ananiambia hadi leo kwamba ningekopa. Yeye alichukua 300,000 kwenye ile mikopo tunayoiita kausha damu, akarudisha 15,000 kila siku kwa siku thelathini. Hiyo ni 450,000. Kwa friza ningehitaji zaidi ya mara mbili yake, na 30,000 na zaidi kila siku mimi sijawahi kuishika kama faida hata siku ya Eid. Yeye alimaliza kulipa akiwa ameuza meza yake. Kwa hiyo sijuti, lakini nasema ukweli: kungoja nako kulikuwa na bei, na kibubu hakikuniandikia bei hiyo kwenye stika.

Kingine ambacho hakimo kwenye stika ni maisha ya kitu baada ya kukinunua. Mimi nilikuwa kwenye umeme ule wa bei nafuu, wa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Friza lilipowashwa, uniti 75 nilizipita kabla ya mwezi kufika mwisho. Bado nina faida, tena nzuri, lakini anayehesabia kitu cha umeme ahesabu na LUKU ya miezi miwili ya mwanzo kabla hajavunja chochote.

Mdogo wangu anasema hela yangu ilikaa mwaka mzima bila kuzaa hata shilingi. Yeye ananunua vipande vya UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya hela za watu na kuziwekeza kwa pamoja, kwenye ule mfuko wa Ukwasi, anawekea kiwanja. Alianza na laki moja, kisha anaongezea kuanzia elfu kumi kwa simu, na akitaka kutoa anasubiri siku chache za kazi hela iingie benki. Hizo siku chache nimezipenda kuliko hata hiyo faida. Mtu akikupigia usiku, huna cha kumtumia, na humdanganyi. Ila jioni nikiwa na 2,500 ya jasho siwezi kuingia mle, ni lazima ikusanyike mahali kwanza. Ndipo nilipoona kuwa kibubu nilikipa kazi kubwa kuliko kimo chake. Kazi yake ni kukusanya 2,500 mpaka ziwe laki. Laki ikishatimia, ihame.

Jambo lililonithibitishia hilo lilitokea Januari 2025 kwa mama mkwe wangu, Muheza. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kuziondoa noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003 pamoja na ile noti ya mia tano ya 2010, na watu wabadilishe kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5. Mama akatoa kopo la maziwa lililokuwa limefukiwa chini ya gunia la mahindi. Alikuwa anaweka hela ya bati, kidogo kidogo, tangu baba mkwe yuko hai. Noti za mia tano zilikuwa rundo, na humo humo mna elfu kumi ambazo wanangu hawakuzitambua kuwa ni hela. Tulizipeleka benki Tanga mjini zikabadilishwa zote, hakupoteza kitu. Lakini wakati anaziweka zile hela, ziliweza kuezeka chumba na sebule. Siku tulipozibadilisha zilitosha bati za jiko. Alizihesabu, akazikunja kwenye khanga, akasema, "Basi jiko litakuwa la bati."

Kibubu kipya ninacho. Hiki sikuagiza mtandaoni. Amenichongea fundi seremala wa hapa hapa Charambe kwa 12,000, mbao ya mninga iliyobaki kwenye kitanda cha mtu, mchwa wajaribu. Tundu ni jembamba, noti inaingia ikiwa imekunjwa mara moja tu. Kina mlango mdogo nyuma na kufuli, na funguo anakaa nazo mdogo wangu Kigamboni, ambako ni mbali kiasi cha kunifanya nifikiri mara mbili. Namba nimeziandika mwenyewe kwa mkono: vyumba 40, vyote 2,500. Vikijaa ni laki moja, mdogo wangu anakuja na funguo, tunakula wali pamoja, hela inahamia kwenye Ukwasi, nafuta kwa kitambaa chenye spiriti naanza upya. Nimeshafuta mara tatu. Nataka mashine ya kusagia miwa, na mwenye mashine pale kituoni ameanza kunisalimia kwa wasiwasi.